Matusi Halali kwa Wagonjwa wa Kifua

Mabruki bin Feruzi, fundi bati wa Chemchem, alikuwa amefunga kifurushi chake. Habari hiyo ililetwa kwa mkewe na Bernadeta, nesi wa wodi ya kifua, aliyepita njia ile kila jioni akirudi kwake, na ambaye alikuwa na desturi ya kutoa habari mbaya akiwa amesimama.

"Amefunga shuka, kikombe na kanzu," alisema. "Anasema amepona."

"Amepona?" Kuluthumu aliuliza.

"Homa imekatika na anasikia njaa. Kwa hiyo amepona. Wote husema hivyo, dada. Sindano zikianza kufanya kazi, mgonjwa hujiona yeye ndiye mganga. Akitoka sasa, ataletwa tena kwa machela, na aliyerudi kwa machela sindano hizi hazimfai kitu."

Kuluthumu aliweka chini kofia aliyokuwa akiidarizi. Ilikuwa miaka ile baada ya vita vya pili, dawa mpya ya kifua ilipoanza kufika Tabora kwa gari la moshi, na wenyeji walikuwa bado hawajakata shauri kama waiamini dawa hiyo au gari lililoileta. Alikuwa amemwona mumewe mara nyingi tangu alazwe, lakini kwa mbali. Mbele ya baraza ya wodi ulipangwa mstari wa mawe yaliyopakwa chokaa, na mgeni hakuruhusiwa kuuvuka. Ilibidi waulizane hali kwa kupaza sauti. Na mambo ya mke na mume hayakuumbwa yasemwe kwa sauti ya mnada.

"Nimwambie nini akanisikiliza?"

"Kwa mdomo, hakuna. Wanaume wa wodini wanageukia ukuta tangu asubuhi. Hawana wa kumcheka wala wa kumkasirikia. Lakini karatasi inaruhusiwa kuingia, ila haitoki. Mpelekee kitu cha kumchangamsha."

Kuluthumu hakuwa mwandishi hodari, bali alikuwa fundi wa hina, na mkono wake ulijulikana katika harusi za mji. Ulijulikana zamani. Tangu mumewe alazwe, hakuna bibi harusi aliyemnyooshea kiganja. Na katika harusi ya mwisho aliyoalikwa, kikombe chake kiliteuliwa miongoni mwa vikombe vingine, kikasuguliwa kwa majivu peke yake, mbele ya macho yake, na mwanamke aliyekuwa akitabasamu.

Kesho yake alikwenda kwa mwenye duka la nguo akaomba yale mabamba ya karatasi ngumu yanayowekwa ndani ya mashati mapya.

"Wenzio huomba chumvi, mama," alisema mwenye duka.

"Chumvi ninayo."

Alipewa, baada ya kuambiwa kwamba bure haina afya. Nyumbani alikoroga rangi zake: bluu ya kufulia, manjano ya kupikia, wekundu wa choya, weusi wa masizi ya chungu. Akachora mawaridi, akayazungushia mapambo kama ya pindo la kanga, na katikati akaandika dua fupi ya kumwombea mgonjwa. Ilikuwa kadi nzuri. Hata aliyeichora alikiri.

Bernadeta alirudi jioni, akasimama.

"Ameitazama sana," alisema. "Kisha akauliza kama hayo ndiyo maua ya kaburini kwake. Akakaza fundo la kifurushi."

*

Kabla Bernadeta hajaondoka, Yoramu aliingia bila kupiga hodi. Alikuwa seremala, kijana wa Kinyamwezi, Mmoravian, mwenye ukumbi wake wa kazi upande wa pili wa njia. Alipita moja kwa moja hadi kwenye vyombo vya Mabruki, akachagua nyundo, akaipima uzito.

"Shemeji, nimekuja kuchukua urithi."

"Mwenyewe hajafa," alisema Kuluthumu.

"Ndiyo maana nimewahi. Mzaramo akishakufa, wanaomdai hufika kabla ya wanaomlilia."

Kijana hakuwa mwizi wala mwendawazimu. Babu yake Mabruki alikuwa Mzaramo aliyefika Tabora na mizigo ya nguo kichwani, akaitua, akatazama nyuma, na kuona kwamba Pwani ni mbali. Njia ile ya misafara ilipitisha pembe, vitambaa na huzuni nyingi. Lakini iliacha pia utani. Mnyamwezi na Mzaramo, kwa kuwa walikufa pamoja njiani wakazikana, walipata haki ya kutukanana na kunyang'anyana, wao na vizazi vyao. Mtani akikutukana ukakasirika, mwenye kosa ni wewe.

"Na hiki kigoda nacho nakichukua," Yoramu aliendelea. "Yeye huko amepewa kitanda cha chuma. Babu yake alilala juu ya mizigo ya watu, mjukuu analala juu ya springi za serikali, na bado ananuna!"

Kuluthumu alicheka. Kilikuwa kicheko cha ghafla, kisicho na adabu, na kilimshtua mwenyewe, kwa sababu ilikuwa miezi tangu akisikie. Kisha akavuta bamba jipya.

"Sema tena," alisema. "Polepole."

Alimchora Yoramu amekalia kigoda cha Mabruki, amevaa kofia ya Mabruki, anakula kuku ambaye bila shaka alikuwa wa Mabruki. Chini Yoramu aliandika kwa mkono wake: *Mtani, nyundo imeshanizoea. Kofia inanibana, kwa kuwa kichwa cha Mzaramo hakijapata kuwa na mengi ya kubeba. Kaa huko huko, usiharakishe. Mimi Yoramu, mtani wako, seremala wa Chemchem.* Jina lilikuwa sharti. Utani usio na jina ni tusi tupu, na tusi tupu kwa mgonjwa liko hatua chache tu kutoka kwenye uchawi.

Jioni iliyofuata Bernadeta aliketi mkekani bila kukaribishwa.

"Ametuma jibu," alisema. "Lakini mimi ni mtoto wa Maria. Siwezi kulisema."

"Lisemee ukutani," Yoramu alimshauri.

Bernadeta aligeukia ukuta akalisema. Lilihusu mama mkwe wa fisi, na mahali ambapo seremala angeweza kuiweka ile nyundo. Yoramu alijigaragaza kwa furaha.

"Na kifurushi?" Kuluthumu aliuliza.

"Amekifungua. Alitaka kanzu ya kufutia machozi. Alicheka mpaka wenzake wakageuka kumtazama. Sasa yule Mhehe wa kitanda cha pili anauliza: kwa nini yeye hatukanwi?"

*

Hakuna aliyethibitisha bado kwamba vijidudu vya kifua hufa kwa kicheko. Vilikuwa vikifa kwa sindano. Lakini sindano ina sharti moja, kwamba mtu awepo kitandani inapokuja; na sharti hilo, hadi wakati ule, ndilo lililokuwa likiwashinda wagonjwa wengi.

Kazi ikaanza. Haikuwa kazi ya kuchora tu, maana tusi halichukuliwi popote kama kuni. Kwa kila mgonjwa ilipasa kwanza kujulikana kabila lake, kisha atafutwe mjini mtu mwenye haki naye. Kwa ajili ya Mhehe, Kuluthumu alikwenda hadi kambi ya reli akauliza kama yuko Mgogo. Walitokea watatu wakagombania nafasi. Kwa Mzigua alipatikana Mnyamwezi muuza asali, ambaye aliacha mitungi yake juani ili atukane kwa nafasi. Mzee mmoja ambaye watu wake hawakuwa na mtani Tabora nzima alituma ombi la unyonge: je, haitawezekana atukanwe kwa hisani? Halikukubaliwa, kwa kuwa sheria ni sheria; lakini ilikumbukwa kwamba anaye mjukuu Chemchem, na mjukuu ni mtani wa babu yake kila mahali. Mtoto huyo wa kike alimwandikia babu yake kwamba bibi ameposwa na mwanamume mwenye meno. Nesi alisema babu alikula sahani mbili.

Wanawake wa mtaa walianza kuja, kwanza kuchungulia, kisha kusaga rangi. Alikuja hata yule wa majivu. Aliketi, akakata mabamba, akachangia tusi moja la kumhusu Mdigo ambalo lilikataliwa kwa kuvuka mpaka, na chai ilipoletwa alichukua kikombe kilichokuwa karibu, nacho kilikuwa cha Kuluthumu. Alikinywa chote. Kuluthumu aliona, akamwongezea sukari.

*

"Kuna mgeni kitanda cha mlangoni," Bernadeta alisema siku moja. "Mzee. Kaletwa na lori la pamba kutoka pande za Igunga. Hasemi, hali, na jina hajatoa. Karani amemwandika 'mzee wa lori'. Ana masikio yaliyotobolewa matundu makubwa, unaweza kupitisha kidole."

"Mgogo!" Yoramu alisema, akakunja mikono ya shati. "Huyo ni wangu."

Na kweli, kama angekuwa Mgogo, angekuwa wake. Wanyamwezi walipopita Ugogo na mizigo walitozwa hongo, ule ushuru wa njia, kwa kila kisima, na deni hilo halijasahauliwa. Kuluthumu alichora mzee amelala kitandani, masikio yameshuka pande zote mbili hadi sakafuni, na katika tundu la kila sikio amefungwa mbuzi. Yoramu akaandika: *Babu zako walitulipisha kwa maji ya mvua. Leo unalala kitanda cha bure Unyamwezini. Toa hongo, ewe mzee! Kama huna kitu, toa sikio moja, litatosha kuezeka nyumba. Mimi Yoramu, mtani wako, seremala wa Chemchem.* Wanawake walisema ndiyo kadi bora kuliko zote. Waliipitisha mkono kwa mkono.

Kesho yake Bernadeta alikuja mapema, akasimama.

"Si Mgogo," alisema.

Walioshika mabamba waliyaweka chini.

"Ni Mnyamwezi. Ujanani alichunga ng'ombe Ugogo. Ndiko alikotobolewa masikio. Anaitwa mzee Elieza, wa Choma."

Yoramu, ambaye alikuwa ameegemea mlango, aliketi chini palepale. Ng'ombe wake wa mahari walikwisha kwenda Choma, kwa mzee Elieza, baba yake Nyamizi, mchumba wake, na harusi ilingoja mavuno tu. Habari za ugonjwa zilikuwa bado njiani. Na kwa kuwa kijana alilelewa vema, alikuwa ameepuka kwa bidii zote kukutana na mkwewe: hakumtazama, hakula naye, hakupita naye njia moja. Alifaulu kiasi kwamba hakumjua uso. Heshima ndiyo iliyomponza. Mtovu wa adabu asingefanya kosa lile.

"Alisemaje?" Kuluthumu aliuliza.

"Aliisoma mwenyewe. Akauliza, 'Huyu Yoramu seremala ni wa Chemchem hii hii?' Nikasema ndiye. Akajifunika blanketi. Wodi nzima imenyamaza. Mama mkubwa wa wauguzi amesimamisha kadi mpaka aelezwe maana ya masikio. Na mumeo, dada..." Alitazama chini. "Amefunga kifurushi. Anasema pamekuwa kaburini tena, na kesho anaondoka, na hakuna wa kumzuia."

*

Asubuhi Kuluthumu alisimama kwenye mawe ya chokaa. Yoramu alikuja naye, lakini alijificha nyuma ya tangi la maji ili asimwone mkwe. Mabruki alikuwa tayari barazani, amevaa kanzu, kifurushi kwapani. Alikuwa amenenepa kidogo, na hicho ndicho kilichomtisha Kuluthumu: alionekana kama mtu mwenye haki ya kuondoka.

"Mume wangu, usiondoke!" alipaza sauti. "Nesi anasema bado!"

"Nesi halali hapa! Mimi ndiye ninayelala hapa! Nimepona, mke wangu. Nasikia njaa ya ugali wako."

"Nitauleta!"

"Utavukaje mawe?"

Hapo mlango wa wodi ulifunguka, akatoka mzee mrefu aliyejifunika blanketi, matundu ya masikio yake yakipitisha mwanga. Alikuwa na kadi mkononi. Wagonjwa waliokuwa barazani walisogea kumpisha.

"Nani mume wa mwanamke anayechora?"

"Mimi, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Weka hicho kifurushi. Nina kesi."

"Kesi na nani?"

"Na mtu aliye nyuma ya tangi la maji."

Tangi halikusema neno.

"Mkwe hasemezani na mkwewe," mzee Elieza aliendelea. "Anatakiwa mshenga. Aliyepeleka mahari yuko Choma, na mimi niko hapa. Wewe kijana unamfahamu, lakini wewe si Mnyamwezi, huna upande. Utakuwa mshenga."

"Mzee, mimi natoka leo."

"Mshenga hutoka kesi ikiwa wazi? Kwenu Uzaramoni ndivyo?"

Mabruki aliangalia kushoto na kulia. Wodi nzima ilikuwa ikimtazama. Yalikuwa ni mambo ya binti wa watu, na mtu hawezi kuyakimbia mbele ya mashahidi.

"Basi tusikilize sasa hivi," alisema.

"Sasa hivi nimechoka," mzee alisema, akarudi ndani.

Mabruki aliweka kifurushi sakafuni. Baada ya kitambo, kwa kuwa hakuona kiti, alikikalia.

*

Kesi ile ilikuwa ndefu. Kwanza mzee alidai kuombwa radhi, na akaombwa, Mabruki akiyachukua maneno kutoka kwenye tangi na kuyapeleka kitandani kwa sauti ya mtu aliyesomea sheria. Kisha mzee alidai ng'ombe mtamba mmoja juu ya mahari. Yoramu alilia kutoka nyuma ya tangi kwamba hana hata mbuzi; Mabruki alimkemea, akageuka na kumtetea palepale kwa ufasaha mkubwa. Mtamba alipokubaliwa, likazuka suala la masikio: je, yalichorwa marefu kwa makusudi, au kwa kukosa nafasi? Suala hilo likagawanywa, likasikilizwa sikio moja moja.

Kila asubuhi, sindano zikishapigwa, wagonjwa walivuta vitanda karibu ili wasikilize. Mhehe aliteuliwa kuwa shahidi, ingawa hakuna alichokiona. Mama mkubwa wa wauguzi alipoelezwa maana ya masikio aliomba aelezwe tena, kisha kadi zikaruhusiwa, kwa kuwa mzee mwenyewe alisema baraza haliwezi kufikiri vizuri kimya kikiwa kimezidi. Mvua zilikuja, wasikilizaji wa nje wakakaa chini ya miavuli. Katika muda ule hakuna mgonjwa hata mmoja aliyetoroka wodi ya kifua, na Bwana mganga, Mwingereza mwangalifu, aliandika katika taarifa yake kwamba mafanikio hayo yametokana na kuongezwa kwa maharagwe.

Kisha mvua zikaisha, na jioni moja Bernadeta alifika Chemchem akikimbia.

"Mumeo amepimwa! Kifua ni cheupe. Bwana mganga amemruhusu atoke leo!"

Kuluthumu aliinua mikono akamshukuru Mungu.

"Amekataa," alisema Bernadeta.

*

"Niiache kesi sasa?" Mabruki aliuliza kutoka barazani kesho yake asubuhi, kwa mshangao wa dhati. "Tumebakiza sikio la kushoto!"

"Umenioa mimi au umeioa wodi?" Kuluthumu alimwuliza, na wakati huu hakujali nani anasikia. Kisha akamwacha, akamgeukia mzee Elieza, aliyekuwa akiota jua kwenye kiti. Kuluthumu hakuwa mkwe wa mtu pale. Alikuwa na ruhusa ya kumtazama.

"Mwangaluka, baba," alimsalimu kwa Kinyamwezi.

"Mwangaluka, mwanangu."

"Yoramu alisema maneno tu. Masikio niliyachora mimi. Kama kuna wa kulaumiwa, niko hapa. Nisamehe, unirudishie mume wangu."

Mzee alilivuta blanketi mabegani.

"Nilisamehe kabla sijafika mwisho wa kadi," alisema. "Wale mbuzi walinichekesha mno. Ilinibidi nijifunike blanketi, maana mkwe hachekeshwi na mkwewe hadharani."

Wagonjwa wa barazani walisogea karibu.

"Lakini nilipojifunua nilimwona mumeo anafunga shuka. Mdogo wangu naye alifunga shuka hivyo hivyo, katika hospitali ya misheni, akasema anasikia njaa. Alikula vizuri sana nyumbani, mwezi mzima. Tukamzika. Nikatazama yule Mzaramo, nikaona ni afadhali nikasirike."

Mabruki alisogea hadi ukingoni mwa baraza.

"Muda wote huu?" aliuliza. "Na hoja zangu? Na ile ya Jumatatu, kuhusu nia na bahati mbaya?"

"Ile ilikuwa nzuri," mzee alikiri. "Kidogo inishinde."

"Na mtamba?" sauti iliuliza kutoka nyuma ya tangi, kwa matumaini.

"Mtamba ni wangu," mzee alisema akiwa amelielekea jua. "Mwambieni huyo kwamba hasira ya muda mrefu namna ile haifanywi bure."

Mabruki alivuka mawe ya chokaa akiwa ameudhika sana. Walipita mnadani, wakapita reli, wakaupanda mwinuko wa kuingia Chemchem, naye hakunyamaza: alidai kwamba amedhulumiwa, kwamba kesi ile alikuwa ameishika mkononi, kwamba kwa sikio la kushoto alikuwa amewaandalia hoja ambayo haijapata kusikika Tabora, na akaitoa yote, kwa mifano, huku akipunga mikono na kuharakisha mwendo mlimani. Aligeuka mara mbili kumwuliza mkewe kama anasikiliza. Kuluthumu aliitikia kwamba anasikiliza. Hoja hakuisikia hata moja. Alikuwa akisikiliza pumzi za mumewe, jinsi zilivyokuwa zikija na kwenda, ndefu, safi, bila kukatika, mpaka wakafika mlangoni.